Bei ya Ukucha

Sheria haihesabu shilingi.
Inahesabu pointi,
na pointi moja ni shilingi elfu ishirini,
ili shilingi ikinyauka, adhabu isinyauke nayo.
Nilifundishwa hayo siku yangu ya kwanza
katika ofisi ya kazi ya wilaya, Kyenjojo,
na mama niliyerithi kiti chake
pamoja na mto wake wa kukalia.

Basi nikachapa: Shamba la Chai la Kihondo,
kumpulizisha mfanyakazi dawa ya magugu
bila glavu, bila buti, bila kinyago,
miezi kumi na minne.
Adhabu: pointi arobaini na nane.

Meneja alilipa kabla ya saa nne asubuhi.
Hakubisha. Alirudi na karatasi ya benki,
akauliza kama tuna stepla.
"Kumbe ni hii tu," alisema,
wala si kwa kejeli,
ila kama mtu aliyeogopa kung'olewa jino
akakuta limeshalegea lenyewe.

Bagonza alikuwa kwenye benchi,
chini ya kalenda ya mwaka juzi.
Ukitaka kumsalimu vizuri mwite Araali,
na usimpe mkono. Atakupa kiwiko.
Kucha nane zilimtoka kati ya masika na kiangazi,
moja ndani ya ugali, alisema, akacheka,
sisi wengine tukatazama sakafu.
Zimebaki za vidole gumba,
njano kama gundi iliyokauka.

"Yangu naichukulia dirisha lipi?"

Nikamweleza. Faini ni ya Hazina, inakwenda Kampala.
Fidia ni faili jingine,
lenye daktari wake, fomu zake,
na miezi yake.
Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kitooro,
na katika lugha zote mbili
ilisikika kama wizi.

Mkewe, Kahunde, mchumaji wa shamba lilelile,
alikuwa kimya, midomo ikicheza.
Ni mwepisi wa hesabu. Mizani imemfunza:
kila kikapu hukatwa kilo mbili za umande,
hata jua likiwa limepasua ardhi.
Akasema,
"Arobaini na nane mara elfu ishirini,
gawanya kwa nane.
Ukucha mmoja ni laki moja na elfu ishirini."
Kisha, polepole, kama anayepima kitambaa,
"Mimi kilo moja ya majani nalipwa shilingi sitini.
Kwa hiyo ukucha wa mume wangu
ni kilo elfu mbili."

Hakuna aliyemjibu. Feni ilikuwa inazunguka,
umeme siku hiyo ulikuwepo.

"Karatasi hiyo inaruhusiwa kunakiliwa?"
Inaruhusiwa. Ni ya umma.
Akafungua fundo la kanga, akatoa noti,
akataka nakala kumi na mbili.
Nikamwambia kesi ya fidia itahitaji moja tu.
"Hizi si za kesi," akasema. "Ni za foleni ya mizani.
Tunasimama saa mbili pale bila cha kusoma."

Sijui zilifanya nini huko.
Nimesikia glavu zimeletwa, jozi sita,
na watu wa mabomba ni thelathini.
Nimesikia pia zinafungiwa stoo
hadi siku ya mkaguzi.
Na nimesikia asubuhi moja wachumaji waligoma kuweka majani
mpaka kikapu kipimwe kwanza kikiwa kitupu,
lakini aliyenisimulia ni muuza maandazi,
naye huongeza chumvi kila mahali isipokuwa kwenye maandazi.

Ninachokijua kwa macho yangu ni hiki.
Walipokuwa wanatoka, Kahunde akiwa ametangulia
kuzuia bodaboda,
Bagonza aligeuka mlangoni, shati wazi kifuani,
akaniuliza kwa sauti ya chini, mwenzake asisikie,
"Mwanangu, nifungie vifungo.
Vinaniteleza."

Nilikuwa nimetoka kugonga mihuri.
Vifungo vilikuwa vitano.
Kila kimoja nilikiacha na buluu.